Kanga ndege na kanga nguo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina moja limebeba vitu viwili: ndege wa madoadoa anayekimbia porini kwa makundi, na nguo ya pamba isiyokosekana katika nyumba yoyote ya Mswahili. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi, na wanafunzi, na wageni wanaojifunza Kiswahili, hata na akina mama wanaovaa kanga kila siku. Msimamo wangu niuseme mapema: ndege ndiye mwenye jina, na nguo imelirithi kwake. Sababu zimo katika majibu.

Kanga ni ndege au ni nguo?

Ni vyote viwili. Ndege ni wa ukoo unaokaribiana na kuku, mwili wa kijivu cheusi uliotapakaa madoa meupe, kichwa kisicho na manyoya, pembe fupi ya mfupa utosini, na vinyama vya buluu na nyekundu vinavyoning'inia shavuni. Kwa jina la kitaalamu ni Numida meleagris. Nguo ni kitambaa chepesi cha pamba, karibu mita moja na nusu kwa mita moja na ushei, chenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maandishi, chini ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, na mnunuzi ndiye anayekata na kupinda.

Mtu akitaja kanga, nitajuaje anazungumzia nini?

Sikiliza kinachofuata jina. Kiswahili kimeshaitatua shida hii kwa upatanisho wa sarufi, wala hakuna haja ya kueleza zaidi. "Kanga wamelala juu ya mti" ni ndege. "Kanga zimelala kabatini" ni nguo. "Nimenunua kanga wawili" na "nimenunua kanga mbili" zinatofautiana kwa neno moja tu, lakini mmoja amerudi sokoni na mabawa na mwingine amerudi na doti.

Mtego uko kwenye vimilikishi. Watu wengi wa pwani husema "kuku zangu" na "ng'ombe zangu", kwa hiyo "kanga zangu" peke yake haitoshi kukuonyesha njia. Ngoja kitenzi kije. "Kanga zangu wametaga" na "kanga zangu zimechuja" havichanganyiki hata kidogo. Sentensi inayobaki na utata wa kweli ni ile isiyo na upatanisho wowote, mfano "Nimeletewa kanga". Hapo itabidi uulize, au uangalie alichoshika mkononi.

Kwa walimu: mfano huu hufundisha ngeli vizuri kuliko mifano mingi ya vitabuni, kwa sababu mwanafunzi anaona kwamba kinachoamua ngeli hapa ni uhai wa kitu, maana umbo la neno halikubadilika.

Kipi kilitangulia, ndege au nguo?

Ndege, tena kwa mbali sana.

Ushahidi wa kwanza uko katika lugha jirani. Ndege huyu anajulikana kwa jina la asili hiyohiyo katika lugha nyingi za Kibantu, hata zile ambazo wasemaji wake wako mbali na bahari. Kwa Chichewa ni nkhanga. Kwa Kishona, Zimbabwe, ni hanga. Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu wanalihesabu neno hili kuwa la kale, lililokuwapo kabla lugha hizo hazijaachana. Halikuzaliwa dukani.

Ushahidi wa pili ndio ninaoupenda zaidi, na uko ng'ambo ya maji. Wamalagasi wa Madagascar wanasema lugha ambayo asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, lakini majina yao ya wanyama wengi wa kufugwa na wa kuwindwa waliyachukua kutoka kwa majirani zao wa Afrika. Kuku kwao ni akoho, ng'ombe ni omby, mbwa ni amboa. Na kanga, huyu wa mabawa, ni akanga. Sasa uangalie upande wa nguo. Wamalagasi wanayo nguo iliyo ndugu kabisa wa kanga yetu, yenye pindo, picha katikati na methali chini, lakini hawaiiti akanga. Wanaiita lambahoany, jina lililojengwa juu ya neno lao la nguo, lamba. Yaani jina la ndege lilivuka bahari zamani likakaa kwa ndege. Nguo ilipokuja baadaye, ilipewa jina lake lenyewe.

Ushahidi wa tatu ni umri wa nguo. Kanga kama tunavyoijua ilianza kushika sura katika karne ya 19, Zanzibar na Mombasa. Ndege alikuwa ameshaitwa kanga karne nyingi kabla ya hapo.

Basi nguo ilipataje jina la ndege?

Hapa inabidi tuingie kidogo katika biashara ya vitambaa. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani, hasa wa hali ya chini na waliokuwa utumwani, walivaa merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na meli kutoka Marekani, au kaniki, nguo hiyohiyo iliyotiwa rangi nzito ya nili. Wakati huohuo maduka yaliuza leso, vitambaa vya mkononi vyenye maua, vikiwa bado havijakatwa, vimezungushwa kwenye gora. Wanawake wakaona mbali. Badala ya kununua leso mojamoja, walikata urefu wa leso sita, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga kwa sindano zikawa nguo moja pana ya safu mbili. Hiyo ndiyo iliyoitwa leso ya kushona. Kila mwanamke aliweza kuunga aina tofauti za leso, akatoka na nguo ambayo jirani yake hana.

Wafanyabiashara hawakuchelewa kulielewa hilo. Wakaagiza kutoka Ulaya nguo iliyochapwa nzima, isiyohitaji kuungwa. Masimulizi ya pwani yanasema kwamba miongoni mwa hizo za mwanzo zilikuwapo zenye madoa meupe juu ya rangi iliyoiva, na watu walipoziona wakamkumbuka yule ndege. Nguo ikaitwa kanga.

Naliamini simulizi hili kwa sababu linaendana na tabia ya watu wa pwani kwa vitambaa vyao. Jina la kitambaa huku mara nyingi hutoka kwenye jambo linaloonekana au linalojulikana moja kwa moja. Merikani ilibeba jina la nchi ilikotoka. Leso ilibeba jina la kitu ilichokuwa kabla ya kuungwa. Kuipa nguo ya madoadoa jina la ndege wa madoadoa ni hatua ya kawaida kabisa kwa watu hao.

Kuna jambo jingine la kutazama, nalo ni wakati wenyewe. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897. Wanawake waliokuwa wamevaa kaniki na merikani kwa kulazimishwa na hali zao walianza kuchagua nguo zenye rangi. Kanga ilikua haraka katika miaka hiyohiyo, na jina lake likakua nayo mpaka likafunika nguo zote za aina ile, ziwe na madoa zisiwe nayo.

Mbona kanga ninazoziona hazina madoa?

Kwa sababu jina likishakaa halisubiri tena sababu yake. Leo mji wa kanga unaweza kuwa na nanasi, jogoo, maua, mwezi na nyota, au korosho, ule mchoro uliopinda ambao hautokosa kuuona ukipita maduka ya Biashara Street, Mombasa, au ya Kariakoo, Dar es Salaam. Hakuna anayedai kwamba kanga ya nanasi si kanga.

Lakini usikate tamaa mapema. Tandaza kanga kadhaa sakafuni, uangalie mahali pindo linapokutana na mji. Kwa nyingi utaona mstari au miwili ya vidoti vimepangwa kufuata ukingo. Mara nyingine vidoti hivyo vimejaa mji mzima, vikiwa ndio ardhi ambayo mchoro mkubwa umekaa juu yake. Sisemi kwamba kila mchoraji wa leo anamkumbuka ndege anapoviweka. Nasema tu kwamba vidoti ni mapambo ambayo kanga haikuyaacha kamwe.

Kisutu ni suala tofauti. Hiyo ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye michoro midogomidogo inayojirudia nguo nzima, na kwa desturi haina jina. Ndiyo kanga ya bibi harusi. Ukiitaka kanga inayokupeleka karibu zaidi na sura za zamani, anza na kisutu.

Nimesoma kwamba kanga inatokana na kitenzi chenye maana ya kufunga. Ni kweli?

Kitenzi hicho kipo, ila hakipo kwetu kwa maana hiyo. Kwa Kilingala, kokanga ni kufunga, iwe ni mlango, mzigo au hata mtu anayekamatwa, na wasemaji wa Kiswahili wa Kongo wanalijua neno hilo vizuri. Katika Kiswahili cha pwani, ambako nguo ilizaliwa, kukanga ni kupasha mwili joto. Haihusiani na kuvaa.

Sikiliza pia jinsi wenyewe tunavyosema. Tunajifunga kanga. Tunajitanda kanga. Tunajifunika, tunabebea mtoto, tunajitupia begani. Sijapata kumsikia mtu "akijikanga" kanga. Kama jina lingetokana na kitenzi, ningetegemea kitenzi chenyewe kiwe bado karibu na nguo, kama mbeleko ilivyo karibu na kubeleka. Kwa hiyo nadharia hii naiweka pembeni, ingawa naona ni kwa nini inavutia: nguo yenyewe ni ya kujifunga, na neno linafanana.

Na hili la kwamba wanawake waliovaa kanga walikuwa wanapiga soga kama kundi la kanga?

Hili nalo limeandikwa mara nyingi. Ni kweli kwamba ndege huyu hana siri. Hutembea kwa makundi, na akiona mwewe au mbwa huanza kelele inayosikika mbali, kundi zima likaitikia. Jike ana mlio wa sauti mbili unaorudiwarudiwa, dume hutoa mmoja mkali.

Lakini mimi silikubali kama asili ya jina. Tukichukua masimulizi ya nguo, jina linatosha kabisa kuelezwa na madoa. Kelele inaonekana kuongezwa baadaye, na aghalabu na watu waliokuwa wakiwatazama wanawake kwa mbali. Aliyevumbua leso ya kushona alikuwa mwanamke mwenye jicho na mkasi, akijua anachotaka. Haki yake ni kukumbukwa kwa hilo.

Lipi sahihi, kanga au khanga?

Kwa Kiswahili sanifu, andika kanga, kwa ndege na kwa nguo.

Hata hivyo wanaoandika khanga hawakulitoa hewani. Katika Kiswahili cha Mombasa na Lamu, k ya neno hili hutamkwa kwa kusukuma pumzi. Ni pumzi ileile inayotenganisha kaa wa baharini na kaa la moto, au paa mnyama na paa la nyumba. Pumzi hiyo ni alama iliyoachwa na n ya zamani iliyokuwa mbele ya k, ile unayoiona bado katika nkhanga ya Chichewa. Wazungu wa zamani walipotaka kuionyesha kwa maandishi waliweka h.

Tatizo ni kwamba kh ya Kiswahili sanifu ina kazi nyingine, ile sauti ya kooni ya maneno kama kheri na Khamisi. Msomaji akikuta khanga huenda akaikwaruza koo bure. Ndiyo maana mimi huiandika bila h, ingawa nikiwa Mombasa hufurahi kuisikia ile pumzi ikitoka.

Kwa nini Mombasa wanaiita leso?

Kwa sababu walibaki na jina la kwanza. Leso ni neno la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi, na limebaki kwenye nguo tangu enzi za leso ya kushona. Mkenya wa pwani akikwambia "nipe leso yangu" anataka nguo ya kujifunga. Mtanzania akisema hivyohivyo anataka kitambaa cha kufutia jasho. Nimeona watu wa miji miwili wakipeana kitu kisicho sicho kwa sababu ya neno hili. Kama unaandika kwa ajili ya wasomaji wa pande zote mbili, kanga ndilo jina salama, maana Mombasa nako linaeleweka.

"Kanga hazai ugenini" inamsema nani?

Ndege. Tazama kitenzi: *hazai*, umoja wa kiumbe hai. Ingekuwa nguo ingekuwa *haizai*, na methali isingekuwa na maana yoyote.

Methali hii imetoka kwa mtu aliyemjua ndege kwelikweli. Kanga hutaga chini, kwenye nyasi au kichaka, mahali alipopachagua mwenyewe na ambapo hapaonekani kirahisi. Hata wanaofugwa hawana adabu ya kuku. Watakupita kiota ulichowatengenezea, waende kujificha nyuma ya ua, na wewe utagundua siku vifaranga wanapotoka, baada ya wiki nne hivi za kuatamia. Mtu aliyehamia mahali papya hatoi matunda yake mara moja, mpaka apazoee. Ndiyo maana yake, na wengi huitumia pia kumsema mtu ambaye moyo wake uko kwao siku zote.

Sasa uiweke methali hii mdomoni mwa kijana wa mjini ambaye kanga kwake ni nguo tu. Ataikariri, lakini hataiona. Hilo linaniuma kidogo, kwa sababu methali haijapotea, aliyepotea ni ndege ndani yake.

Nani aliyeanza kuweka maandishi kwenye kanga?

Swali hili halihusu ndege moja kwa moja, ila linaulizwa kila mara. Sifa hupewa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887. Kanga zake zilichapwa alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na hadi leo utaiona pembeni ya nguo. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Uchapaji nao ulihama: Ulaya, kisha Asia, na baada ya uhuru viwanda vya kwetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China.

Kororo naye ni kanga?

Ni ndugu yake. Kororo ana kishungi cha manyoya meusi kichwani badala ya pembe ya mfupa, na huishi msituni. Ukienda Shimba Hills unaweza kumwona. Yuko pia ndugu wa tatu, wa maeneo makavu, kama Samburu na Tsavo: shingo ndefu, kichwa kinachofanana na cha tumbusi, na kifua cha buluu inayong'aa. Wote watatu wana madoa.

Je, kuna lugha nyingine iliyounganisha ndege huyu na nguo?

Ipo, na ilinishangaza nilipokutana nayo. Wareno walimwita ndege huyu pintada, "aliyepakwa rangi", na kwa Kifaransa hadi leo ni pintade. Wakati huohuo, vitambaa vya pamba vya India vilivyopakwa na kuchapwa michoro viliitwa pintado na wafanyabiashara wa Ulaya wa karne ya 17. Neno moja, ndege na nguo.

Njia ni tofauti na yetu, hata hivyo. Kwao wote wawili walipewa jina na kitendo cha kupaka rangi, hakuna aliyemkopesha mwenzake. Kwetu ndege alikuwa na jina lake, nguo ikalikopa. Lakini jicho ni lilelile. Watu wa pande mbili za dunia wamemtazama kanga wakafikiria kitambaa kilichochorwa.

Kangaja, kangaga, karanga na kukaanga yana uhusiano na kanga?

Hapana. Kangaja ni chungwa dogo, kangaga ni jani la porini, na mengine mawili unayajua. Ni kufanana kwa sauti tu.

Mwanangu hajawahi kumwona kanga ndege. Nimwonyeshe wapi?

Hifadhi nyingi wanapatikana: Serengeti, Mikumi, hata Nairobi National Park ambayo iko mlangoni mwa jiji. Watafute asubuhi na mapema au alasiri, wakati kundi linapochakura njiani likitafuta mbegu na wadudu. Usiku hupanda mitini. Pasipo na nauli ya hifadhi, ulizia wafugaji wa kuku wa kienyeji, kwani wapo wanaofuga kanga pamoja na kuku, mayai yao ni madogo na ganda lake ni gumu zaidi. Omba unyoya mmoja ulioanguka, na mkifika nyumbani uuweke juu ya kanga ya mama yenye vidoti. Mtoto mwenyewe atakwambia vinafananaje, na pale atakaposema "hawa" kwa ndege na "hizi" kwa nguo, huna haja ya kumfundisha zaidi.